Siku Baba Mkwe Alipomwombea Jeki

Aibu ukiificha inaoza, kwa hiyo hii yangu naitoa nje mwenyewe ipigwe jua. Kuna watu pale Mkuyuni, Mwanza, mpaka leo tukikutana hawaniulizi habari za mke wala za watoto, wananishika mkono, wananitazama kwa huruma ya uongo, halafu wanasema, "Na yule mdogo wako, tumbo liliacha?" Kisha wanacheka mpaka wanashika magoti. Nami nacheka nao, nitafanyaje? Jambo ulilojitafutia mwenyewe huna wa kumnunia.

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vimejipanga ufukweni, ndege za mizigo zinatua na kuruka, na kila kijana mwenye mikono miwili anatafuta mlango wa kuingilia humo. Mimi Mayunga, mtoto wa Sengerema niliyevuka kivuko cha Busisi na begi moja lililofungwa kamba, nilikuwa nimepata kazi ya ufundi wa majokofu katika kiwanda kimojawapo, na kusema kweli nilikuwa najiona. Nimepanga chumba na sebule. Nina redio kaseti. Nina viatu vya mtumba vya ngozi ambavyo aliyevivaa mwanzo huko Ulaya lazima alikuwa hakimu. Na zaidi ya yote nina mchumba, Tabitha, fundi cherehani, binti wa Mzee Magesa wa kule Majita, mtu wa pwani ya ziwa, mzee wa kanisa, mvuvi mstaafu, mtu asiyecheka ovyo.

Sasa Mzee Magesa nilikuwa nimeshampelekea mshenga, akapokelewa vizuri, akalishwa, akarudi na jibu moja tu: "Sijakataa, sijakubali. Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakuja kwanza nione binti yangu atalala wapi na atakula wapi." Basi. Maisha yangu yote yakawa yanasubiri Jumapili hiyo, maana Tabitha alikuwa ameniambia waziwazi, tukiwa tumekaa kwenye mawe juu ya nyumba, kwamba baba yake akisema hapana yeye hatatoroka na mtu. "Nakupenda, Mayunga, lakini mimi si mbuzi wa kukata kamba." Nikamwambia asijali, baba mkwe akifika kwangu atahamia.

Na hapa anaingia Jeki.

Jeki alikuwa mbwa wa mzungu wetu wa kiwandani. Mzungu alikuwa anakwenda likizo kwao, akauliza mafundi nani anajua kutunza mbwa, na mimi kwa kupenda sifa nikanyoosha mkono (nyumbani tulikuwa na mbwa, ndiyo, lakini wale walikuwa wanajitegemea, hatukujua hata wanakula wapi). Nikakabidhiwa Jeki, mnyororo wake, blanketi lake na gunia la chakula chake lenye picha ya mbwa anayecheka. Mbwa mkubwa, masikio yameanguka, macho ya huruma, na hajui kulala nje. Ukimfunga uani analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa mpaka majirani wanakuja kukushtaki. Kwa hiyo alikuwa analala chumbani kwangu, chini ya kitanda, na mambo hayo nilikuwa simwambii mtu isipokuwa Tabitha, ambaye alinicheka vya kutosha.

Jumamosi, siku moja kabla ya wakwe kuja, gunia likaisha. Mtu mwenye akili angempikia mbwa ugali kidogo na dagaa, mambo yakaisha. Mimi nikasema hapana, huyu mgeni wa heshima, ngoja nimpe kitu. Nikapitia mapanki, yale mavichwa na mifupa ya sangara yanayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, nikachagua vichwa vile vinono, nikavichemsha sufuria nzima mpaka mafuta yakaelea juu manjano, na kwa kuona ni dhambi kuyamwaga nikayamwagia yote kwenye chakula chake. Watu wa Mwanza mnayajua mafuta ya sangara. Mtu mzima aliyezaliwa nayo akizidisha anaitafuta njia ya chooni, sembuse mbwa aliyelelewa kwa biskuti! Jeki alikula, akalamba sufuria, akalamba mkono wangu, akaniangalia kwa mapenzi makubwa. Nikajisifu.

Jamani. Usiku ule siusimulii. Niseme tu kwamba kufikia alfajiri nilikuwa nimefua kila kitu kinachofulika, nimedeki sakafu mpaka simenti inang'aa, na Jeki amelala kwenye kona ya chumba, tumbo linaunguruma kama mashine ya kusaga, ananiangalia kana kwamba ni mimi nimemroga. Na saa za kanisa zilikuwa zinakaribia, na baada ya kanisa, wakwe.

Nikafikiri nimtoe nje. Lakini nimtoe nje, mbwa anaharisha, uani hapo hapo ndipo wageni watakapopita? Mzee wa kanisa akanyage? Ndiyo nikaamua, ngoja nimfungie chumbani, nishushe pazia, nipulize dawa ya mbu kuua harufu, wageni wakae sebuleni wanywe chai waondoke. Wakwe hawana shida ya kuingia chumbani. Kwao, na hata kwetu, mkwe haingii chumba cha mkwewe, kukiona tu kitanda ni nuksi inayotaka mbuzi. Nikaona mila yenyewe imenifungia mlango, nitulie.

Walifika watatu. Mzee Magesa mbele, koti jeusi la kushonesha, tai, fimbo. Nyuma yake shangazi yake Tabitha, Bi Nyabwire, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, aliyewahi kufanya kazi ya kufagia wodi na akatoka huko amekuwa daktari wa ukoo mzima. Mwisho Tabitha mwenyewe, macho chini, mchumba wa kupigiwa mfano. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi, wakaketi, Bi Nyabwire akapiga chafya kwa sababu ya dawa ya mbu, nikamimina chai, nikasogeza maandazi. Mzee akatazama ukuta, akatazama dari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo wangu ukaanza kukaa mahali pake.

Halafu, bila mtu kumuuliza, akasema, "Hapa pasafi. Nilikuwa na wasiwasi. Siku hizi vijana wa mjini mnaiga wazungu, nimesikia kuna mmoja hapo juu analala na mbwa ndani. Mimi mtu anayelala na mbwa simpi hata kuku, sembuse binti."

Tabitha akapaliwa na andazi.

Na Jeki, kama aliyeitwa, akatoa mlio kule chumbani. Haukuwa wa kubweka. Ulikuwa mguno mrefu wa mtu mwenye mateso, "Mmmmmh," ukafuatiwa na ule mlio mwingine ambao siwezi kuuandika.

Kikombe cha mzee kikasimama katikati ya safari. Bi Nyabwire akaliangalia pazia, akaniangalia mimi, akaliangalia pazia tena, na nikaona kabisa anachofikiri: kijana ameficha mwanamke. Kusema ni mwanamke, nimekufa. Kusema ni mbwa, nimezikwa. Ulimi wangu ukajiamulia wenyewe.

"Ni mdogo wangu, baba. Kaja jana toka Sengerema. Anaumwa tumbo."

Nilidhani nimejiokoa. Mjinga mimi! Mtu mweusi aliyelelewa vizuri, ukimwambia kuna mgonjwa nyuma ya pazia, ataendelea kutafuna andazi? Kikombe kikatua mezani. Mzee akasimama wima.

"Kuna mgonjwa ndani ya nyumba, na sisi tumekaa tunakunywa chai?"

"Baba, amelala..."

"Mgonjwa halali bila kupewa pole." Akakumbuka mila, akaishia kwenye pazia, akaligeukia kama mtu anayeongea na dirisha la posta. "Mwanangu! Wewe uliyelala! Unatusikia?"

Kimya. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipobanwa vizuri, maana mdogo mtu gani aliyelelewa anaitwa na mzee asimwamkie? Nikaona uso wa mzee unaanza kukunjamana. Nikasema, "Ngoja nimwinue kidogo," nikazama ndani ya pazia, nikachuchumaa pale penye Jeki, nikajibana pua, na kwa sauti nyembamba ya mtoto wa shule nikasema:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu! Pole sana. Tumbo?"

"Ndiyo, baba."

Nikasikia Tabitha anakohoa vibaya kule nje. Huyu mwanamke alikuwa anamjua mdogo wangu. Mdogo wangu ana sauti nene kuliko yangu.

Nikatoka natokwa jasho. Bi Nyabwire keshavua kilemba, keshajifunga kanga kiunoni. "Anaharisha?" Nikasema kidogo. "Anatapika?" Jeki, Mungu amsamehe, akatapika pale pale, wote tukasikia. "Maji maji?" Nikasema, shangazi, ni kama... maji. Akashika kichwa. Akaagiza maji ya kuchemsha yaliyopoa, chumvi, sukari, akakoroga kwenye kikombe, akaonja kwa kidole, akanipa. Nikaingia, Jeki akalamba chote kwa ulimi wake wote, nikatoka na kikombe kitupu. "Amemaliza? Safi, hajafika pabaya." Akakoroga kingine. Nacho kikalambwa, na kwenye kikombe hichohicho akajimiminia chai iliyobaki akaimalizia. Naye Mzee Magesa, aliposikia kitanda kinagonga ukuta (ni Jeki alikuwa anatetemeka pale konani, ameuegemea mguu wake), uso wake ukalainika mpaka nikamwonea aibu. Akavua koti lake. Lile lile la kushonesha, la kanisani. "Mfunike. Homa ya tumbo inataka joto." Nikasema baba, si lazima. Akasema, "Mtoto wa mwenzangu anatetemeka mimi nimevaa koti?" Nilipokea lile koti, na nitasema ukweli, hapo nusura niseme yote. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamtazama Tabitha, naye akanitazama kwa jicho la kusema *usithubutu sasa*, kwa sababu na yeye alikuwa ameshanyamaza muda mrefu mno. Nikaingia, nikamvalisha Jeki koti. Nikamvalisha kweli, miguu ya mbele ndani ya mikono, maana kulitandika lilikuwa linamdondoka.

Halafu mzee akaomba. Alisimama mbele ya pazia langu, mikono juu, akaomba kwa Kijita na kwa Kiswahili, akamkemea adui wa matumbo, akamkumbusha Bwana kwamba huyu kijana mgonjwa ana mama yake kule ng'ambo anayemngoja. Bi Nyabwire anaitikia. Majirani wa uani, waliposikia maombi ya mgonjwa, wakaanza kuchungulia mlangoni mmoja mmoja. "Kuna nini?" Na shangazi, sauti yake ile, bila kugeuka: "Kipindupindu! Mdogo wake Mayunga! Tafuteni mkokoteni!"

Mnajua neno hilo mjini kando ya ziwa linafanya nini. Uani ulijaa kabla sijasema lolote. Mmoja anasema hata mimi nilisikia mtu anahangaika usiku kucha. Mwingine anasema mdogo wake nilimwona jana anashuka, kijana mrefu. (Mrefu! Watu wanaona mambo.) Nikasema jamani amepata nafuu, mwacheni apumzike. Bi Nyabwire akaniambia, "Mwanangu, kipindupindu hakijui kupumzika. Unataka kumzika mdogo wako kwa ajili ya aibu?" Sehemu ya aibu alikuwa ameipatia.

Akaja Masanja, jirani yangu, mbeba mizigo wa sokoni, mkokoteni wake ameuegesha mlangoni. Masanja si mkwe wa mtu. Mila haimzuii. Akapita katikati ya watu, akaingia chumbani, mimi nyuma yake mbio. Akasimama. Jeki yuko kwenye kona, koti la mzee limemkaa vizuri mabegani, anamtazama.

Nikamshika Masanja mkono. Nikanong'ona, "Ndugu yangu, wakwe. Nisitiri. Mviringe kwenye blanketi, mtoe kama mgonjwa, mpeleke mpaka kona ya barabara, mengine nitakueleza."

Masanja akaliangalia lile koti. "Mayunga," akasema polepole, "hawa watu wamemwombea mbwa?"

"Nisitiri."

Ni mtu mwema Masanja. Hakucheka. Akamviringa Jeki kwa blanketi, kichwa mpaka mkia, akamtupia begani kama gunia la mihogo, tukatoka. Watu wakagawanyika kutupa njia. Akina mama wanasema maskini, tazama alivyokwisha, mwepesi hivyo, na mzee kaweka kiganja kifuani, anatembea sambamba nasi akisema, "Jipe moyo, mwanangu, jipe moyo." Tukavuka sebule. Tukavuka kizingiti. Nikauona mkokoteni. Nikaamini Mungu ni wa wote, hata wa waongo.

Lakini bega la Masanja ni gumu, na lilikuwa limemkaa Jeki kwenye tumbo lile lile lililojaa mafuta ya sangara na maji ya shangazi. Kila hatua linaminya. Tulipofika katikati ya uani, mbele ya watu wote, tumbo likakata shauri.

Masanja akapiga yowe. "Mayunga! Mbwa wako kaninyea!" Akalitupa blanketi. Na ndani ya blanketi akatoka Jeki, akajikung'uta, akasimama kwa miguu yake minne, koti jeusi limefungwa kifungo kimoja, na kwa kuwa kazi aliyoianza alikuwa hajaimaliza, akachuchumaa palepale, mikia miwili ya koti ikiburuta, akaimalizia.

Uani mzima wakarudi nyuma hatua moja. Hata watoto.

Alipomaliza, Jeki akatazama huku na huku, akamwona mzee aliyekuwa anamsemesha maneno mazuri muda wote, akamwendea taratibu, akajilaza miguuni pake.

Mzee Magesa akamtazama. Akanitazama. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Huyu ndiye aliyeniambia shikamoo?"

"Hapana, baba. Ni mimi."

Hapo ndipo Tabitha aliposhindwa. Alikuwa amejikaza toka kwenye andazi, na sasa akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani, akacheka mpaka machozi, na uani wote ukapasuka naye. Watu walicheka wakishikilia kuta. Masanja, na hali yake ile mgongoni, alicheka. Bi Nyabwire peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu vitu kichwani, nikaona hesabu inafika mwisho, akaniuliza, "Mayunga. Na chai niliyoimalizia kwenye kile kikombe?" Hakungoja jibu, akaenda nyuma ya nyumba, naye tukamsikia.

Mzee akamwinua binti yake kwa mkono. "Na wewe ulijua?" Tabitha akaacha kucheka. Akasema ndiyo, baba. "Shika mkoba wako." Wakatoka getini, yeye na shati na tai bila koti, hakugeuka nyuma. Nilibaki nimesimama pale uani na mnyororo wa Jeki mkononi, watu bado wanacheka, na mimi nilikuwa nalia waziwazi na hakuna aliyegundua, walifikiri nacheka nao.

Jeki alipona kesho yake. Alikula ugali mkavu, akawa mzima kabisa, akanichukia kidogo. Mimi nilifua lile koti kwa mikono yangu, nikalipeleka kwa fundi apige pasi, kisha mimi na mshenga wangu tukapanda basi mpaka Majita na mbuzi mmoja wa kuomba radhi. Nilijua mbuzi hatoshi. Mzee hakumtazama mbuzi. Akaita ukoo, wajomba, mashangazi, wote wakakaa kwenye kivuli cha ukuta, akaniambia, "Simama uwaeleze. Toka mwanzo. Usiruke kitu."

Nikaeleza. Mapanki, mafuta, pazia, maji ya chumvi. Nilipofika kwenye shikamoo mjomba mmoja akainua mkono: "Sauti gani? Itoe." Nikasema wazee wangu, nihurumieni. Mzee Magesa akasema, "Itoe." Basi nikajibana pua mbele ya ukoo mzima wa Majita nikasema shikamoo baba, na kutoka nyuma kabisa, mlangoni mwa jiko, nikasikia kicheko cha Tabitha, na baada ya hicho kikafuata cha mtu ambaye sikuwahi kumsikia akicheka. Mzee alikuwa ameinamia fimbo yake, mabega yanatikisika. Alipopata pumzi akafuta macho, akasema, "Marahaba." Halafu akasema tuendelee kwenye habari za ng'ombe.

Kwa hiyo mke nilipata, na nashukuru. Lakini tangu siku ile nimeapa, kwangu nikiulizwa nani yuko chumbani, hata kama ni mwizi, nitasema ni mwizi, maana uongo wa ugonjwa ukishautoa haurudi bure. Mwaka uliofuata nilishikwa na malaria, malaria ya kweli, ya kuona dari limejaa watu, Tabitha akatuma salamu Majita kwamba mumewe yuko taabani. Baba mkwe alikuja siku ileile, safari yote ile, na alipofika alivunja mila, akaingia moja kwa moja chumbani. Hakunipa pole. Alikwenda kwanza upande wa miguuni, akafunua blanketi, akaangalia vizuri, akalifunika tena, ndipo akavua kofia akaanza kuomba.